Mlio wa Friji Nyuma ya Sauti ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu hasira haipunguzi umri wa mtu, na wewe bado ni mkubwa wangu. Hujambo huko? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Wadogo zake Chiriku, hao uliowazaa huko, wanaendeleaje? Sisi ni wazima. Mimi bado nafundisha historia, bado naandika makala za kuwaudhi wakubwa, na mwezi huu nimegombana na mhariri, fundi bomba na mwenye nyumba, kwa hiyo ujue afya yangu ni njema. Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa simu unaizima. Karatasi haizimiki.

Habari kubwa ni ya mwanao. Yule uliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukufungwa tangu asubuhi mpaka usingizi umchukue, siku hizi hasemi sana. Anasikiliza. Amechagua kusomea utangazaji, na mwalimu wao aliwapa kazi ya kumalizia mwaka: kila mwanafunzi atengeneze mchezo mfupi wa kusikiliza tu, wenye msimulizi, na milio yote waitengeneze wenyewe. Basi nyumba yangu ikageuka karakana. Mvua ni mchele unaomiminwa taratibu kwenye sinia. Moto ni mfuko wa plastiki unaofinyangwa karibu na maiki. Mbawa za ndege ni glavu zangu za kuoshea vyombo, ambazo mpaka leo sijui ziko wapi. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta amejifunika blanketi gubigubi, anafungua na kufunga zipu ya begi, anafungua na kufunga. Nikamtania, nikamuuliza anasafiri kwenda wapi. Akasema anayesafiri si yeye.

Ndivyo nilivyojua mchezo unahusu nini. Mama anafunga begi, mtoto yuko kitandani anajifanya amelala. Zipu, magurudumu sakafuni, kitasa, mlango. Msimulizi ni mtoto huyohuyo akiwa mkubwa. Mwishoni mama anasema maneno machache, basi. Alirekodi kila kilichomo humu ndani: kitasa, bomba linalovuja, hata lile friji ulilotuachia, linalotetemeka na kukohoa mara mbili kabla ya kunyamaza, kama mzee anayetaka kusema jambo akaghairi.

Mwalimu alimshauri amchukue mwenzake darasani aigize mama. Wenzake wakamtania kwamba mama hakosekani, hata mlinzi wa getini akibana pua atafaa. Akacheka nao, akakataa. Alitaka sauti yako. Nilimwona akikuandikia ujumbe ule, anafuta, anaandika upya: sentensi yoyote ile, hata ukimsomea bei za vitunguu. Ukamjibu kwa maandishi kwamba wiki hii umebanwa, utaona. Dada, nimesoma majibu ya mawaziri maisha yangu yote, lakini sijakutana na jibu lililochongwa vizuri namna ile. Akangoja. Simu akawa anaingia nayo bafuni. Aliniambia usipotuma ataiacha nafasi ile tupu, mlango ufungwe tu, na wasikilizaji watajijua.

Halafu sauti ikafika. Najua umeshtuka kusoma hapo. Tulia, usiruke mistari.

Nilimwambia umeituma kwenye simu yangu kwa kuwa yake haikupatikana. Akavaa hedfoni, akafumba macho. Ilikuwa sauti ya mwanamke inayomwita Chiriku wake, inamwambia alale, atarudi kabla hajaamka. Akasikiliza tena. Mara ya tatu akafumbua macho, akautazama mlango wa jikoni, kisha akanitazama mimi. Akasema asante, mama mdogo. Nikadhani ni furaha iliyomkausha hivyo, na mimi nikaenda chumbani kulia kwa ushindi. Ndiyo, ushindi. Unanijua.

Ilikuwa sauti yangu, dada. Tulipokuwa wasichana sauti zetu zilifanana mno, hata baba alikuwa akiitikia mlangoni bila kujua anamjibu nani. Nilijifungia jikoni kwa sababu ndiko kusikofika kelele za barabarani, nikaivuta ile pumzi yako unayoivuta kabla ya neno la kwanza, nikamdanganya mtoto. Usiniambie uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hiyo nimegombana nayo miaka mingi. Aliyeitunga hakuwahi kumsuka nywele mtoto anayeuliza kama njia ya kwenda kwa mama ni ndefu. Sikutaka nafasi ile ibaki tupu. Hilo tu.

Siku ya kuwasilisha tulikaa ukumbini, taa zikazimwa, kazi za wanafunzi zikasikilizwa moja baada ya nyingine. Ya Chiriku ilipoanza, baba mmoja aliyekuwa mbele yangu, mtu mzima mwenye upara, alivua kofia kama yuko msibani. Zipu ikalia. Magurudumu yakapita. Mlango ukafungwa. Kisha nikajisikia mimi, najifanya wewe, na nyuma yangu, wazi kabisa, friji likatetemeka na kukohoa mara mbili.

Mimi friji lile silisikii tena. Mtu hasikii kitu anachoishi nacho. Lakini mtoto alikuwa amelirekodi, amelisikiliza, amelikatakata kwenye kompyuta yake. Alijua tangu siku ile ya hedfoni. Hakusema, na hakuufuta ule mlio. Aliuongezea sauti.

Taa zilipowashwa mwalimu alimsifu, ila akamuuliza mbona ameacha uchafu wa mashine nyuma ya sauti ya mama, wakati kuuondoa amefundishwa. Akajibu kwa adabu kwamba ule si uchafu. Akasema ndipo mama anapoishi.

Dada, mimi ninayejibu kila mtu, nilipiga makofi tu. Njiani alinibebea mkoba. Tulipofika jikoni akaniambia siku nyingine nikitaka kurekodi nichomoe kwanza waya wa friji. Nikacheka, naye akacheka, kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama kweli sauti yako ndivyo ilivyo. Nikafungua mdomo nimweleze, nikajaribu kukukumbuka ukiongea. Nikaisikia sauti yangu tu.

Kwa hiyo sikuandikii ili utume sauti. Usitume. Yule uliyemnyima hangoji tena. Simu anaiacha popote, hata kwenye kochi, na mimi ndiye ninayeruka ikilia. Sikujua kwamba nilikuwa kwenye foleni hiyo pamoja naye. Ukinipigia mimi, nitanyamaza. Najua hujawahi kuliona hilo, lakini nitanyamaza. Unisomee hata bei za vitunguu.

Wasalimie wanao. Kama bado hawajui kuwa wana dada, waambie ana masikio makali na mkono wa upole. Utunze mgongo, usinyanyue vitu vizito. Chiriku hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi