Hewa ya Nyumba ya Bi Batuli

Lindi, Novemba

Baba yangu mpendwa, Mzee Klementi,

Shikamoo baba. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, umetulia, na mama yuko karibu akikuuliza inatoka kwa nani. Mwambie ni Flora, na umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na Jumapili sikosi kanisani. Joto la huku limeanza kutuchoma, mvua bado inatuchungulia tu. Vipi goti la mama? Ufuta mliuza wote au mmebakiza wa nyumbani? Na yule mbuzi mkorofi aliyekula shuka la mdogo wangu Cletus, bado yupo hai?

Baba, mara ya mwisho nilipokuja nyumbani Miteja nilikusikia ukiwaambia majirani kwamba binti yako anatengeneza mafriji. Sikukukatiza, maana ulisema kwa fahari. Lakini tangu mwezi wa sita nimekuwa na kazi ambayo si ya friji, na watu niliokutana nao katika kazi hiyo nimewapenda mno. Nataka uwafahamu, hasa mama mmoja anayeitwa Bi Batuli.

Bi Batuli na mumewe, Mzee Huseni, ni watu wa Mchinga. Sasa wanaishi hapa mjini, kwenye nyumba iliyojengwa zamani na wageni waliokuja kutafuta gesi. Wageni walipoondoka nyumba ikauzwa, na binti yao Moza, ambaye yuko Maskati, akawanunulia wazazi wake. Ni nyumba ya namna ya peke yake. Haina kiyoyozi cha ukutani kama nyumba nyingine. Ina mashine moja kubwa, na juu ya dari kuna njia pana za bati zinazopeleka hewa baridi kila chumba na kuirudisha tena kwenye mashine.

Mzee Huseni ni mgonjwa wa mapafu. Daktari wa hapa Lindi alimwambia mapafu yake yameshajaa makovu, hayatarudi yalivyokuwa, ila akiepushwa na vumbi na moshi anaweza kuishi vizuri na kwa muda mrefu. Sasa mtu wa Lindi utamwepushaje na vumbi? Moza akatuma kifaa cha umeme cha kusafisha hewa, kinachofungwa ndani ya zile njia za bati. Bosi wangu, fundi Abdulwahab, akanikabidhi kazi akisema mimi ndiye mwembamba ninayeweza kupita darini.

Nikueleze kinavyofanya kazi, maana najua utauliza. Kwanza hewa inapita kwenye wavu unaozuia uchafu mkubwa, nyuzi na manyoya. Halafu inapita katikati ya nyaya nyembamba kama unywele, zenye umeme mkali sana. Kila chembe ya vumbi inayopita pale inachukua umeme kidogo. Mbele yake kuna mabamba ya alumini yamepangwa kama kurasa za kitabu, na chembe ile ikifika hapo inavutwa na kunata, kama kitana ulichokisugua kichwani kinavyovuta vipande vya karatasi. Moshi ambao wavu wa kawaida unauacha upite, kifaa hiki kinaushika.

Kazi yenyewe ilinitoa jasho. Kifaa lazima kikae pale hewa inaporudi, kabla haijafika kwenye feni, na mshale wake uelekee hewa inakokwenda. Nikakata bati, nikaacha nafasi ya kufungua mlango wake na kuvuta mabamba nje, nikaunganisha umeme ili kiwake feni ikiwaka na kizime feni ikizima. Hayo yalikuwa mepesi. Kilichonichelewesha ni matundu. Zile njia zilikuwa na nyufa kila mahali, na darini kulikuwa na kinyesi cha popo cha miaka. Ina maana Mzee Huseni alikuwa akivutishwa vumbi la darini kila feni inapowaka. Kusafisha hewa huku unaingiza uchafu kwa mlango wa nyuma ni kazi bure. Kwa hiyo nikatambaa na tochi mdomoni, nikiziba kila ufa kwa utepe wa bati.

Bi Batuli alisimama chini ya kitundu nilichopandia darini muda wote. Hakuwa ananilinda nisiibe, baba. Kila nikinyamaza alikuwa ananiita, "Flora, upo?" na nikiitika anatulia. Nikishuka nakuta maji ya madafu na kitambaa cha kujifutia. Kisha anauliza. Kwa nini pale na si hapa? Nini kinauma nikikigusa? Nikiosha nianze na kipi? Amesuka mikeka tangu utotoni, na anauliza kama mtu anayetaka kuona ukili ulipoanzia.

Nilimweleza ukweli kwamba kile kifaa si dawa, na kwamba kisipooshwa ni bati tu. Nikamwonyesha namna ya kuzima umeme, kungoja kidogo, kutoa wavu na mabamba, kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kusuuza, na kuyaegesha kivulini mpaka yakauke kabisa. Mara ya kwanza tulipoyaosha pamoja, maji kwenye beseni yaligeuka meusi kama ya kuoshea sufuria la kuni. Bi Batuli alichovya kidole humo. Akasema kwa sauti ya chini, "Haya yote yalikuwa yanaingia kifuani kwa Huseni."

Baada ya wiki kadhaa Mzee alianza kulala amejinyoosha, si kukaa ameegemea mito. Baadaye akaanza kunywa chai mezani. Na Ijumaa moja nilipofika kukagua nilimkuta amevaa kanzu, anatafuta makubadhi yake. Msikiti hauko mbali, lakini alikuwa hajaufikia kwa miguu yake tangu wahamie mjini. Alitembea polepole, akisimama kila penye ukuta wa kushika. Bi Batuli hakumfuata. Alisimama mlangoni, ameshika nguzo, na alipomwona anaingia msikitini alikaa chini palepale kizingitini akafunika uso na mtandio. Nami nikaingia ndani nikajifanya nina kazi darini.

Lakini sitaki udhani mambo yalinyooka tu. Mwezi wa kumi, watu walipoanza kuchoma mashamba nyuma ya vilima, moshi ulishuka mjini. Siku hiyo asubuhi Bi Batuli alikuwa ameosha mabamba. Moshi ulipoanza kuingia madirishani, aliyagusa, akaona yamekauka kwa juu, akayarudisha na kuwasha. Kumbe katikati maji yalikuwa bado yamejificha. Kifaa kikaanza kupiga cheche tatata bila kupumzika, na nyumba ikajaa harufu kali, kama ile inayobaki baada ya radi kupiga karibu. Hewa hiyo hata mtu mzima inamkereketa koo. Mzee Huseni ilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi.

Nilipigiwa simu, nikafika na kukuta jirani amempakia kwenye gari. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikawafuata hospitali. Mzee aliwekewa oksijeni, akalazwa. Fundi Abdulwahab alikuja pia, na uso wake ulinionyesha kwamba kazi yangu iko ukingoni. Hapo Moza akampigia fundi simu kutoka Maskati. Alikuwa analia, na kwenye korido ile kila mtu alimsikia. Alisema yule fundi msichana amemwekea baba yake sumu ndani ya nyumba, kifaa king'olewe leo hii, na mimi nisikanyage tena kwao.

Baba, mimi nilikuwa sijakifungua hata kifaa chenyewe, sikujua kosa liko wapi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba labda kweli ni mimi. Bi Batuli angenyamaza tu, jambo lingekwisha hivyo, na hakuna ambaye angemuuliza. Aliichukua simu, akajifuta macho, akasema taratibu:

"Moza, nisikilize. Flora aliniambia yakauke kabisa. Mimi ndiye niliyeyarudisha mabichi, kwa kuogopa moshi. Ukitaka kulaumu, mlaumu mama yako. Huyu binti usimguse."

Kisha akamgeukia bosi wangu akayarudia yaleyale mbele ya watu. Mama wa umri ule, mumewe yuko kitandani, hajui ataamka vipi. Nimeona watu wazima wengi wakikimbia makosa madogo kuliko hayo. Yeye alilibeba lake kama mtu anavyobeba ndoo yake mwenyewe kutoka kisimani.

Mzee aliruhusiwa kurudi nyumbani. Nilidhani Bi Batuli hatataka tena kukiona kile kifaa. Badala yake aliniita, akasema nimfundishe upya, na safari hii nimtazame yeye akifanya mwenyewe. Tukakuta waya mmoja umekatika na bamba moja limepinda. Bamba nililinyoosha. Waya ule mpya unashikizwa kwa springi ndogo huku na huku, nami kila nikiunasa upande mmoja, wa pili unachomoka. Akanisogeza kwa kiwiko, akaushikiza yeye, kwa vidole vile vya kusukia mikeka. Siku hizi akiosha, anayaacha mpaka kesho yake, na katikati anayainamisha na kusikiliza kama kuna tone linalotembea. Wakati kifaa kimezimwa anafunga madirisha na kupangusa sakafu kwa kitambaa kibichi ili vumbi lisiruke. Moza naye alinipigia, akaniomba radhi kwa adabu, nami nilimwambia mtu akimlilia baba yake hapimi maneno.

Sasa, baba, naomba ukae vizuri. Hapa ndipo penye sababu ya barua hii.

Wiki iliyopita Mzee Huseni alinisimulia ugonjwa wake ulivyoanza. Maisha yake yote alikuwa mpulizaji wa unga wa salfa kwenye mikorosho ya watu, mashine mgongoni, kitambaa kimefungwa puani, kama wewe. Alisema kwanza ni kikohozi cha msimu, ukiisha msimu kinaisha. Halafu kikawa hakiishi. Halafu akawa anapumzika njiani akitoka shamba, akisema anatazama mikorosho. Halafu akashindwa kulala chali, akawa analala ameegemea gunia, na akamkataza kila mtu nyumbani asiseme.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikashindwa kujizuia nikalia mbele yake. Kwa sababu Cletus alipokuja kuuza ufuta aliniambia. Usimgombeze, baba, nilimbana mimi. Najua unalala umeegemea gunia. Najua msimu uliopita ulibebwa kutoka shambani na vijana wawili, ukasema ni kizunguzungu cha njaa. Najua umemkataza mama asinipigie. Mimi naziba nyufa za nyumba za watu, na baba yangu anakosa pumzi Miteja, akiwasifia majirani binti yake.

Nami siri yako sikuitunza. Nimewaambia Bi Batuli na Mzee Huseni. Daktari yuleyule ameshasikia habari zako na anataka kukupima kifua. Sijui atasema nini, na kile kifaa, nimekwambia, si dawa. Lakini Bi Batuli alisikia, akanyanyuka, akaenda chumba cha mwisho, kile chenye hewa nzuri kuliko vyote, akatandika kitanda. Alisema mgeni wake asitafute nyumba ya kulala wakati nyumba yake ipo. Mzee Huseni naye anakusalimu sana. Anasema, "Mwambie baba yako mimi nilichelewa kwa ajili ya aibu. Yeye asinifuate katika hilo."

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Na mwakani salfa usiiguse tena, baba. Mikorosho tutampa mtu aipulizie aliyevaa vifaa kamili, au tuiache izae itakavyozaa.

Nisalimie mama kwa mapenzi yote, mwambie asikasirike kwamba nimejua. Msalimie Cletus, shangazi Helena na wote wa jumuiya yetu. Bi Batuli anamsalimu mama kipekee, amemsukia mkeka, nitauleta mwenyewe. Jumamosi napanda basi la asubuhi kuja kukuchukua. Kama utakataa, baba, utakataa ukinitazama usoni.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Flora Klementi