Kimya Hakisafiri Hewani

Mlima wa Wilaqollu,
Alhamisi

Dada yangu mpendwa Primitiva,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Eustaquio, na yule kasuku wenu asiyenipenda. Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, ukitoa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio, na nywele, ambazo zimehama bila kuaga. Nyama kavu uliyonitumia ilifika. Niliimaliza kwa supu ya chuño, viazi vyetu vya kukaushwa kwa baridi, huku nikijidanganya kwamba naibakiza.

Simu ya kupiga mjini sina huku, na hata ningekuwa nayo, wewe husema simu inakutia upepo sikioni. Ajabu hiyo, maana ndiyo kazi ya kaka yako: sauti za watu zinafika kwenye mnara wangu zimechoka, mtambo unazitia nguvu mpya na kuzirusha mlima wa pili. Watu wa Oruro wanagombana na watu wa Potosí juu ya kitanda changu, na mimi sisikii neno.

Huko mlima wa pili yupo Doña Nemesia Colque, mjane wa fundi mwenzangu, aliyeishika kazi ya marehemu na kuifanya vizuri kumshinda. Kila alasiri tulipigiana ile simu ya mafundi, ya kati ya minara yetu tu, kulinganisha nguvu ya mawimbi. Tukimaliza hatukukata. Kila mtu alitia majani yake ya koka shavuni, tukakaa. Unatujua sisi, hatuongei tukitafuna. Nilisikia mvumo wa mawimbi kama mvua ya mbali, na ndani yake pumzi zake, mara kiti chake kikilia. Huo ndio uliokuwa ujirani wangu.

Halafu ikaletwa mitambo ya dijitali. Mhandisi Zenteno, mtu mnene mwenye subira, alinieleza kwamba sasa sauti inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinageuzwa kuwa moja na sifuri, na upande wa pili inaundwa upya, safi, bila mkwaruzo. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Kweli, Nemesia akawa anasikika kama yuko jikoni kwangu. Ila tukinyamaza, ilikuwa kama nimeweka sikio ukutani. Nikawa nauliza, “Upo?” Naye anajibu, “Nipo, Don Wálter. Niende wapi, na llama wenyewe wa kubeba mizigo wameninunia?” Ukawa utani wetu.

Sasa wamefukia mkongo ardhini, na mwanga ndani ya uzi wa kioo utabeba yote tuliyokuwa tukibeba. Milima yote miwili inafungwa: kwangu Jumamosi, kwake wiki ijayo. Kisha Nemesia atakwenda kwa binti yake Jujuy, ng'ambo ya mpaka, na akishavuka sitampata tena.

Kaa chini, dada, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilimwomba asiende. Nilimwambia kile chumba cha uani kwako ninachohamia kinatosha watu wawili wasio wanene sana, na kwamba ningependa wa pili awe yeye. Hakujibu. Nikangoja. Si pumzi, si kiti. Safari hii sikuthubutu kuuliza kama yupo, kwa kuogopa kwamba yupo. Nikaurudisha mkono wa simu mahali pake taratibu, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya misa.

Tangu hapo tumekuwa watu wa vipimo tu. Ananisomea vyake, namsomea vyangu, ananiita Bwana Choque, si Don Wálter tena, tunakata. Koka natafuna peke yangu nikiiangalia taa nyekundu ya mnara wake. Sikujua kwamba hata taa inaweza kumpa mtu mgongo.

Jana Zenteno alikuja kung'oa mitambo isiyohitajika tena, akaanza na simu ya mafundi. Nikamwambia si hasara, ilishakufa siku nyingi, mwenzako akinyamaza unadhani amehama. Akacheka. Akasema haikufa, ndivyo ilivyoundwa: usipoongea, mtambo hautumi kitu, ili kuokoa nafasi. Kisha akaendelea, huku akikunja waya:

“Yule mama wa kule naye kaniuliza hayo hayo juzi. Eti, mtu akilia taratibu huku, kule kunasikika nini? Nikamwambia, hakuna kitu, mama. Akashika meza. Nyie wazee wa milimani mna maswali.”

Nilimwomba airudishe ile simu. Nyaya alishazikata.

Sijui siku ile alilia kwa furaha au kwa kunihurumia; najua tu kwamba alidhani nimemsikia, nikakata. Zenteno anashuka leo kuja huko Cochabamba na barua hii. Mimi siwezi kuuacha mnara ambao bado unabeba sauti za watu, lakini Jumamosi nikishazima swichi kubwa nitavuka uwanda kwa miguu, goti litake lisitake. Nitasimama mlangoni kwake niulize kama yupo, kisha nitangoja jibu, hata likichelewa.

Nifagilie kile chumba. Nisalimie shemeji, na kasuku pia, sina kinyongo. Siku nitakayofika weka vikombe viwili mezani. Ukiniona naja peke yangu, ondoa kimoja kabla sijaingia, wala usiniulize kitu.

Ni mimi kaka yako,
Wálter