Folda Iitwayo Jalala

Kibaha,
Ijumaa jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lile limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, nacheka peke yangu tangu mchana, majirani wanadhani nimeposwa. Nisalimie baba na wote hapo Kurui.

Uliniuliza ninafanya nini hasa hapa shuleni. Ipo kompyuta kubwa, inaitwa seva, inayotunza kumbukumbu zote za shule. Kazi yangu ni kuipangia ijinakili kila jioni kwenye diski nyingine, nami ndiye ninayechagua kipi kinakiliwe na kipi kirukwe. Ni kama wewe unavyotundika mbegu juu ya meko, nyingine ukazipeleka kwa jirani Bi Sada, ili hizi zikiharibika zile zibaki.

Basi Jumatatu diski ya seva ikafa. Nikarudisha kila kitu kutoka kwenye nakala, walimu wakanipigia makofi. Ndipo Mwalimu Halidi wa taaluma akauliza iko wapi folda yake iitwayo Jalala. Haikuwemo. Nikamwambia takataka zisimuumize kichwa. Akakaa chini kama mgonjwa, akasema humo ndimo zilimo alama zote za kidato cha nne, zinazotakiwa kupelekwa Ijumaa. Watoto mia na ishirini, mama!

Nilimuuliza kwa nini aziite jalala. Akasema yeye ni mtu wa Kisarawe kama sisi. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake, naye alipozaliwa akaitwa Jalala ili kifo kimdharau. Kikampita. Tangu hapo anachokithamini hukiita hivyo, wezi wasikitamani.

Jumatano nikakumbuka nakala ya kwanza kabisa niliyoifanya kwa majaribio mwezi wa tano. Sikuwa nimeifuta, na Jalala ilikuwemo! Nilipiga kigelegele ofisini bila haya. Alama za baada ya hapo walimu walinisomea kutoka kwenye madaftari yao, nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Leo saa nne asubuhi zimepelekwa zote.

Sasa mama, nilikudanganya. Jumanne kwenye simu nilikuambia seva imeila folda, ukaiapiza mashine ya watu iungue. Seva haina kosa. Ni mimi niliyeagiza Jalala irukwe, kwa kuona jina tu, bila hata kuifungua. Niliogopa kufukuzwa hata kabla sijathibitishwa kazini.

Leo nimesimama mbele ya walimu wote nikasema ukweli. Mkuu wa shule, Bi Juliana, amenikaripia vizuri, kisha akanipa barua ya kuthibitishwa. Mwalimu Halidi yeye alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mama yake, kabla ya kumwita Jalala, alimnong'oneza kwanza mkunga kwamba mtoto huyu anampenda kupita kiasi. Kosa lake yeye ni kwamba hakuninong'oneza.

Basi nisamehe, mama, na ile seva uiombee heri.

Akupendaye, mwanao,
Firdausi