Mkurugenzi Yumo Edani

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Chai. Uradi. Dirisha. Majani ya miti ya jirani yote yameangukia kwangu, na mie siwezi kutoka kuyazoa. Wifi zangu wameshasema: mjane haonekani uani. Haya.

Abbas, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja na biriani ya mkewe na makaratasi. Nimetia saini. Tangu kaka yake afariki mimi ndiye mkurugenzi wa kiwanda chetu cha maboksi, huku Brampton, Kanada. Ndiyo desturi ya ukoo huu: mjane hupewa kiti kwa heshima ya marehemu, mdogo mtu hushika funguo. Kila mtu aliona ni jambo zuri. Hata mie. Kiwanda chenyewe nilikuwa nakwenda siku za Idi tu, kupeleka tende.

Binti yangu kapiga simu kutoka Vancouver. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Baada ya hapo kimya mpaka magharibi. Nyumba kubwa hii naichukia.

Jumatano, 9 Novemba

Simu ya Maman Furaha. Mkongo, anakaa Mount Dennis, ndiye anayesimamia mashine ya kukata maboksi. Kanipa pole tena, Mungu ambariki. Kisha akasema, huku anacheka: "Maman, ile mashini balitosha kifuniko. Jana ilikula mukono ya shati yangu."

Kifuniko ni ile kinga ya chuma inayozuia vidole visifike kwenye kisu. Wameing'oa ili mashine iende mbio. Oda za Krismasi. Shati limechanika mpaka kiwikoni.

Sikucheka. Nikampigia Abbas. "Shemeji, wewe kaa eda yako. Mashine tuachie wanaume."

Wanaume! Anayetia mkono pale ni mwanamke. Nimekasirika.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimempigia wakili aliyeandika mirathi. Binti wa Kikenya, mpole, maneno yake hayana upole. Kasema: Mama, sheria ya hapa haiulizi nani ana funguo. Mkurugenzi ni wewe. Ni wajibu wako, wewe mwenyewe, kuchukua kila tahadhari inayowezekana wafanyakazi wasiumie. Ukishajua kuna hatari ukanyamaza, unaweza kushtakiwa. Faini. Hata jela.

Nikamwambia niko edani. Akasema sheria haina kifungu cha eda.

Nilicheka. Kisha nikalia, jikoni, nimeshika kijiko. Si jela iliyoniliza. Ni ule mkono wa shati.

Ijumaa, 11 Novemba

Wanawake wamekuja kusoma khitma, kama kila wiki. Sebule ilijaa. Udi, sambusa, machozi ya kiasi. Nikamvuta wifi yangu mkubwa pembeni nikamweleza.

"Uende kiwandani? Ukasimame katikati ya wanaume, kaburi la kaka yangu halijakauka? Watu watasemaje?"

Jioni nimemuuliza shehe, kwa simu. Nilidhani atanikataza. Nadhani nilitaka anikataze. Hakuvuta hata pumzi: kumzuia mtu asidhurike ni dharura, nenda ukarudi, Mungu anajua nia.

Basi si Mungu anayenifungia humu. Ni ndimi za watu. Naziogopa ndimi hizo, sina haja ya kujidanganya. Wale waliojaa sebuleni ndio watu pekee nilionao mji huu.

Jumapili, 13 Novemba

Nimemwomba Abbas kwa upole, nimemwita baba. Kasema kinga itarudi. Lini? Baada ya Krismasi. Kasema mteja akikimbia na kiwanda kitakufa, na yeye ana watoto wanne. Si mtu mbaya, Abbas. Ana hofu yake na mie nina yangu. Lakini hofu yake imekaa juu ya vidole vya mtu.

Theluji kidogo. Sijui kuendesha gari. Nimeuliza bei ya teksi.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekwenda.

Baibui, koti la marehemu juu yake, viatu vya theluji. Dereva Msomali, hakuniuliza kitu. Mlangoni kelele ilinipiga kifuani. Furaha alikuwa pale, anaingiza kadibodi kwa mkono, kisu kinashuka, anautoa, kinashuka.

Nilikwenda moja kwa moja nikabonyeza kitufe chekundu.

Mashine ikazimika. Watu wote wananitazama. Abbas katoka ofisini mbio. "Shemeji, unatutia aibu!" Mbele ya wote. Nikamwuliza: mkurugenzi wa hapa nani? Akarudi ofisini. Kinga ilikuwa chini ya meza, imewekewa ndoo juu. Nikasimama hapo mpaka fundi akakaza skrubu ya mwisho. Nikasema haitolewi tena, atakayeitoa hana kazi, hata awe ndugu.

Nimerudi. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimekaanga sambusa. Nimetandika mashuka meupe. Nimewasha udi.

Hakuja mtu.

Nimesoma juzuu yangu peke yangu, kwa sauti.

Alhamisi, 1 Desemba

Mteja mmoja kaondoka. Abbas huagiza mtu alete makaratasi, yeye haji. Nayasoma yote sasa kabla ya saini.

Hakuna atakayejua mkono upi umenusurika, wala kama kuna mkono ambao ungeumia. Kila mtu anajua nilivyotoka edani.

Furaha kapiga simu leo. Nilidhani ni asante. Amekasirika. Saa za ziada zimekatwa, Noeli imefika, watoto wanataka viatu, na ile mashine inatembea kama mwenye mimba. Alisema bila kupumua, Kiswahili na Kifaransa. Nikasikia vyombo vinagongana. Alikuwa ameibana simu begani, anaosha sahani, mikono yote miwili majini.

Sikujitetea. Nimevuta kiti nikakaa, nikamwacha aseme mpaka akamaliza vyombo.