Mwenye Cherehani Mbili

Rangwe, Alhamisi, 1993

Eti sasa kila fundi awe na namba ya kodi! Karani wa kodi ameingia leo na fomu kibandani tunamoshonea nguo, akatuuliza mimi na mke mwenzangu, "Mwenye biashara ni nani?"

Mikayi, kwa kuwa aliolewa kwanza, akajipiga kifua. "Ni mimi. Huyu mdogo nimemwandika kazi."

Nikangoja aambiwe mwenye biashara hulipa nini.

Alipoambiwa, aliketi. "Basi mimi ni mfanyakazi tu."

"Mfanyakazi pia hukatwa, mama."

Tukatazamana. Miaka tisa tumegombania kila kitu katika boma letu, hata sufuria, lakini leo tulijibu kwa sauti moja: "Mwenye biashara ni mzee wetu!"

Mzee ambaye hata kutia uzi kwenye sindano hajui.

Hofu yangu ni moja. Akibanwa na kodi atauza cherehani, na ya kwanza itakuwa yangu.

Jioni alifurahi kusikia yeye ndiye bosi, hata akaagiza kuku. Tumempikia, tumempa firigisi yake kwa heshima zote. Habari ya kulipa, Mikayi amesema tumwambie akishashiba.