Korosho za Mnyambe Zilizokwama Kigoma

Kigoma, 6 Februari 2023

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima. Mguu wako unaendeleaje? Waambie akina mama wa kikundi walete korosho zote walizobangua. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, sasa soko letu ni moja, mzigo unavuka ziwa bila ushuru. Wasimuuzie tena yule mchuuzi wa Masasi.
Mwanao, Apolinari

Mnyambe, 24 Februari 2023

Mwanangu,
Marahaba. Mguu bado, ila natembea. Maboksi yameondoka na lori jana. Mama Oliva alisita, akaniuliza, “Mama Apolinari, una hakika?” Nikamjibu, “Nimemzaa mimi.” Vidole vya akina mama vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Maboksi yakifika tuandikie.
Mama yako

Kigoma, 11 Juni 2023

Mama,
Shikamoo. Barua zako tatu nimezipata. Simu niliizima mwenyewe.
Korosho hazikuvuka. Msamaha wa ushuru unataka cheti cha kuonyesha mzigo umetoka Tanzania. Wakala wa forodha alinikumbusha mapema, nikamwambia, “Soko ni moja, karatasi za nini?” Nilipokwenda kuomba cheti, mvua ilishaingia kwenye banda bovu nililopanga. Zikaota ukungu, nikazimwaga zote. Wenzangu wenye vyeti walivuka, na wanauza vizuri. Kosa ni langu.
Naona haya hata kukuandikia. Usiwaambie akina mama bado.
Apolinari

Mnyambe, 29 Juni 2023

Mwanangu,
Marahaba. Sikuulizi hali, maana afya yako nimeisimulia mwenyewe tangu Aprili. Uliponyamaza, wenzangu wakauliza. Nikawaambia unaumwa sana.
Basi kila Jumatano wanakuja hapa kukuombea. Mama Oliva ndiye anayeanzisha sala, nami napiga magoti katikati yao. Barua yako imefika jana, wao wakiwa mlangoni. Nikaificha ndani ya kanga. Wakasali upone, nikaitikia amina. Wakati wa kuondoka Mama Oliva akanishika mkono, akasema, “Korosho si kitu, mtoto kwanza.” Sikuweza kumtazama.
Nurdini, kijana wa jirani, anasafiri kesho na lori kuja huko, atakukabidhi hii mkononi. Tarehe kumi na mbili Julai ni Jumatano. Siku hiyo, kabla hawajapiga magoti, nitawaambia yote, kosa lako na uongo wangu. Ukifika, utakaa karibu nami tuseme pamoja. Usipofika, nitasema peke yangu.
Mama yako