Bakuli la Nyumba ya Daktari

Mpendwa Shangazi Orpha, naomba msaada, na tafadhali usianze kwa kunipa pole maana pole nimepewa na kila mtu mjini isipokuwa yule mmoja ambaye naitaka kwake, na ndiyo sababu nimekaa hapa mezani na kalamu badala ya kupalilia bustani kama mwanamke mwenye akili zake.

Mimi ni mjane wa mkulima wa pamba, na ukiichapa barua hii gazetini mji wote utajua ni nani hata ukinibadilisha jina, basi wewe chapa tu. Mume wangu Delbert alishikwa na maumivu ya kifua wakati wa chakula cha mchana, nikampeleka kwa Daktari Haskell Stroud, ambaye ndiye daktari pekee tuliye naye wilaya nzima, akamgusagusa tumbo, wakacheka habari za mvua isiyonyesha, akampa dawa ya kiungulia na kumwambia, "Delbert, punguza hizo pilipili za mkeo, bado nakutegemea uje unizike mimi." Kesho yake asubuhi Delbert alianguka kando ya gari lake, funguo mkononi, hakuinuka tena. Ulikuwa ni moyo, Shangazi, na ulikuwa unapiga kelele tangu jana yake.

Sasa sikia kinachonichoma. Miaka michache nyuma, kabla ya ile kura ya jimbo kuhusu fidia, bima ya Haskell ya kujikinga na kesi za wagonjwa ilipanda mpaka ikapita kodi ya kliniki na mshahara wa muuguzi ukivijumlisha, kampuni moja ikamtupa, nyingine ikamwambia aache kuzalisha wajawazito, akasimama ukumbini kanisani machozi yanamlengalenga akasema, "Ndugu zangu, nafunga." Mkwe wangu alikuwa na mimba kubwa, na hospitali ya Lubbock si karibu kwa mwanamke mwenye uchungu. Nani alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wapige kura ya ndiyo, fidia ya majonzi iwekewe kikomo cha dola robo milioni ili bima ishuke na daktari abaki? Mimi. Wakati ule niliona hizo ni pesa nyingi kuliko majonzi yoyote. Bango lilisimama uani kwangu mpaka jua likafuta maandishi. Kura ikapita, bima ikashuka polepole, Haskell akabaki, akamzalisha mkwe wangu mtoto wa kike mzima kabisa, nami nikajiona nimeuokoa mji.

Baada ya msiba mwanangu Royce akanipeleka kwa wakili huko Lubbock, kijana mwenye adabu, akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mama, mzee alikuwa amestaafu, hakuna mshahara uliopotea. Yamebaki majonzi yako, na majonzi yana kikomo. Nikiwalipa madaktari bingwa wa moyo waje kutoa ushahidi, watakula karibu fidia yote. Samahani, sitaweza kuichukua kesi hii." Njiani, tulipopita kiwanda cha kuchambua pamba, Royce akanirushia, "Mama, si ulizunguka mwenyewe na vipeperushi? Haya, vuna." Baadaye aliomba radhi, lakini neno likishatoka limetoka. Sasa anataka tutafute wakili mwingine, na mwingine, kabla muda wa kushtaki haujakwisha.

Na Haskell mwenyewe? Akiniona dukani anageuza toroli. Kanisani amehamia benchi la nyuma. Nimesikia ni kampuni ya bima iliyomkataza, asinitamkie hata neno moja lisije likawa ushahidi. Siku ya msiba watu waliingia jikoni kwangu bila hata kubisha hodi, kila mmoja na chombo chake cha chakula na jina lake kwenye utepe uliobandikwa chini kama tunavyofanya, isipokuwa Maurine, mkewe Haskell, ambaye aliacha bakuli la kioo lenye tambi za kuku barazani akaondoka. Nilijua ni lao kwa ule utepe. Tambi nilimpa mbwa wa Delbert, Mungu anisamehe, akalamba mpaka kioo kikang'aa. Vyombo vya watu wote nimesharudisha. La akina Stroud liko juu ya jokofu mpaka leo, na kila nikitoa maziwa linanitazama.

Nimechoka, Shangazi. Sina hasira tena, hata hasira yenyewe imenichoka. Nataka tu mtu aniambie kama Delbert angepelekwa Lubbock siku ile angekuwa hai. Nishtaki, ninyamaze, au nihame? Na ile kura, ndiyo iliyomuua mume wangu?

Mwenye bakuli juu ya jokofu

*

Mwenye bakuli,

Umesema nisianze na pole, basi sianzi nayo. Keti tuongee.

Kura yako haikumgusagusa Delbert tumbo. Haikumwandikia dawa ya kiungulia. Ulitaka daktari abaki, akabaki, na mjukuu wako anakimbizana na kuku uani kwa sababu hiyo, kwa hiyo usijute mpaka ukamjutia na yeye. Kosa lenu, wewe na wenzako wa vipeperushi, ni kudhani kikomo mnawawekea watu wengine. Mliwaza mawakili wa mjini na tamaa zao, hakuna aliyewaza jiko lake mwenyewe. Hilo limeshakuuma vya kutosha, na Royce asikurushie tena. Mwambie nimesema mimi.

Lakini kwa hili bakuli nitakugombeza! Mwanamke mzima wa mji huu anakaa na chombo cha watu tangu pamba inapandwa mpaka inavunwa? Mama yako angekuwa hai angejifunika uso kwa aibu. Unamlaumu Haskell kwa kunyamaza, na wewe je? Sababu pekee uliyo nayo ya kubisha hodi kwake umeipandisha juu ya jokofu.

Sasa sikiliza. Royce mwache atafute wakili mwingine mmoja, mmoja tu, na mkikataliwa tena, iishie hapo, usizungushwe Texas nzima kama mkokoteni. Wewe nenda kliniki ukaombe nakala ya faili la Delbert. Wakikwambia urudi kesho, vua kofia ukae. Ukishaipata, andika malalamiko kwa bodi ya madaktari ya jimbo. Huko hutakiwi kuwa na wakili, majonzi hayana kikomo, na hawakuulizi marehemu alikuwa na mshahara gani. Haskell ataulizwa na watu ambao hawezi kuwageuzia toroli.

Kisha Jumapili baada ya ibada, oka pai ya matunda ya pichi kwenye bakuli lile lile, kwa maana chombo cha jirani hakirudi tupu hata jirani awe nani. Nenda mlango wa mbele. Maurine atafungua, huenda atalia, mwache alie. Mwambie Haskell hivi: "Nimeleta bakuli lenu. Sikuja kukutega. Bodi nimeshaiandikia, sikufichi. Ila nataka uongee na mimi." Kampuni imemtisha kwamba kila neno ni kitanzi. Si kweli. Sheria ya jimbo letu inamruhusu kumpa mjane pole, na pole hiyo haipelekwi mahakamani kumhukumu. Kukiri kosa ni jambo jingine, hilo usimbane nalo mlangoni, waachie bodi. Lakini pole, jamani! Tangu lini pole ikahitaji bima?

Akikupa, ipokee, ukae, ule pichi nao. Akikaa kimya, weka bakuli mezani kwao urudi zako. Kama Delbert angeishi hutalijua siku hiyo, na huenda usilijue kamwe, sitakudanganya. Lakini Jumatatu ukifungua jokofu utoe maziwa, juu yake hakutakuwa na kitu. Cha Stroud kitakuwa kwa Stroud.

Shangazi Orpha